Ghala la Genoveva na Ndama wa Masakta

Wivu wa Genoveva Bura ulikuwa unaanzia masikioni. Mtu akitaja jina la Brightness mbele yake, masikio yanapata moto kwanza, kisha shingo, halafu anaanza kutafuta kitu cha kupangusa. Atapangusa meza, atapangusa kibodi, atapangusa hata kikombe ambacho hakijanywewa chai. Festo, mumewe, akiona kitambaa kinatembea mezani alijua tu: leo yule binti wa Masakta amesifiwa mahali.

Na kusifiwa alisifiwa, tusidanganyane. Lakini Genoveva naye hakuwa mtu wa kuokotwa. Alikuwa mwalimu wa hesabu hapa Mbulu wakati shule zetu zilipoanza kuletewa kompyuta za msaada, zikawekwa stoo na kufunikwa magunia kwa sababu hakuna aliyejua azifanyie nini. Yeye ndiye aliyefunua magunia. Aliharibu mbili, akatengeneza moja, akajifunza. Baadaye akaacha chaki kabisa, akapanga chumba nyuma ya soko, akawa fundi wa shule zote za wilaya.

Shida yake kubwa ilikuwa mtandao. Mjini unapatikana, lakini ukiteremka kuelekea Masieda unapanda juu ya mti kutafuta alama moja ya simu. Utapakuaje programu huko? Genoveva akaona njia. Alikusanya programu zote ambazo shule inahitaji, za kuandikia, za hesabu, za ramani, za maktaba, kila moja imefungwa kama kifurushi, akazipanga kwenye diski moja. Kisha akaandika mwenyewe programu ndogo ya kuvigawa. Kitu chote akakiita Ghala. Diski inafungwa kwenye kipande cha kitenge, anapewa kondakta wa basi, inafika shuleni, inachomekwa. Ghala linaiuliza kompyuta swali moja tu: wewe ni toleo la ngapi? Maana kila kompyuta ina mfumo endeshi, ule unaoiamsha na kuziongoza programu nyingine zote, na mfumo huo una namba ya toleo. Vifurushi vya toleo la tano havilitoshi toleo la nane, kama vile sare ya darasa la kwanza isivyomtosha mtoto wa la saba. Ghala likijua namba, linakwenda kwenye rafu yake na kutoa kinachofaa.

Watu wakamwita Mama Ghala. Alikuwa akilisikia jina hilo sokoni, akilisikia akitoka kanisani, na kila mara alijifanya hajali. Mwongo! Alikuwa anatembea nalo kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Sasa huyo Brightness. Alikuwa binti wa mzee Gidamis, mfugaji wa Masakta, kule Hanang, na alikuja kusoma bweni Mbulu akiwa na sanduku la bati na shuka la baba yake. Genoveva ndiye aliyemfundisha hesabu, na ndiye aliyemweka mbele ya kompyuta kwa mara ya kwanza. Binti akaelewa haraka kuliko alivyofundishwa. Akaenda chuo Arusha, akamaliza, na badala ya kubaki kwenye ofisi za vioo za mjini akarudi kwao. Siku moja akaja Mbulu, akasalimia shikamoo kwa mwalimu wake na kwa Festo, akakaa ukingoni mwa kiti na kusema anataka kuhudumia shule za Hanang. Diski ya Mbulu inachelewa mno kufika. Je, Mwalimu angeweza kumpa nakala ya Ghala?

Hapo lazima nieleze desturi, maana bila hiyo utamwona Genoveva mwendawazimu. Kwetu huku, mtu mwenye ng'ombe wengi hawarundiki wote zizini kwake. Anampa jirani mmoja, au rafiki wa mbali, amfugie. Mfugaji anakamua, anakunywa maziwa, samadi anatia shambani. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama akizaliwa ni wa mwenyewe. Mfugaji anapeleka habari ya ndama mapema, akinyamaza, ameiba. Na mwenye mali akiona ng'ombe wake anang'aa, siku moja, bila kuombwa, anatoa mtamba mmoja, jike changa ambaye hajazaa, na kusema: huyu ni wako. Undugu unaanzia hapo. Familia za Mbulu na za Hanang zimeunganishwa hivyo tangu mababu.

Basi Genoveva akamshikisha binti diski kwa mikono miwili. "Nakupa ng'ombe, Brightness. Maziwa ni yako. Ndama ni wangu. Ukirekebisha chochote humo ndani, hata mstari mmoja, unaniletea."

"Nimeelewa, Mwalimu," Brightness alisema. "Baba amefuga ng'ombe za watu tangu sijazaliwa. Hajapoteza hata mkia."

Festo akacheka, akasema yeye ndiye shahidi, na akaongeza chai. Ilikuwa siku nzuri.

Na ndama wakaja kweli. Leo marekebisho haya, kesho yale, madogo madogo lakini safi. Genoveva alikuwa akiyapokea na kuyaingiza kwenye Ghala, mwanzoni kwa furaha ya mwalimu anayeona mbegu yake imeota. Lakini walimu wa Hanang wakaanza kusema "Ghala la Brightness." Si kwa ubaya. Yeye ndiye waliyemwona. Halafu mwalimu mmoja wa Dongobesh, upande wetu kabisa, akapiga simu Masakta kuomba msaada akamruka Genoveva aliye jirani yake. Genoveva aliposikia, alipangusa dirisha lote la ofisi, ndani na nje.

Pigo lenyewe likaja kwenye mkutano wa umoja wa shule. Mwalimu Ignasi Sulle, mratibu wa kompyuta wa umoja huo, mtu mwema lakini mdomo wake hauna breki, alisimama mbele ya wote na kusema, "Jamani, tuna bahati. Mkikwama, mpigieni Brightness. Yule binti ni moto!" Watu wakapiga makofi. Genoveva alikuwa amekaa mstari wa mbele na soda mkononi. Alipiga makofi naye, afanyeje? Lakini soda ile hakuimaliza. Usiku kucha maneno yalikuwa yanamzunguka: mpigieni Brightness, mpigieni Brightness. Na mimi je? Mimi niliyefunua magunia?

Ni wiki hiyohiyo ndipo ikatokea habari ya namba. Wale watu wa mbali wanaotengeneza mfumo endeshi wakatangaza kwamba wanaacha hesabu yao ya zamani. Toleo lililokuwepo lilikuwa la 8. Linalofuata halitaitwa 9. Litaitwa kwa mwaka wake: 26. Wameruka tu, kama mtu anavyoruka mtaro.

Simu ikalia Genoveva akiwa jikoni anachochea makande.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Umeiona habari ya namba mpya? Nadhani Ghala litatusumbua. Linasoma tarakimu ya kwanza peke yake. Ikija ishirini na sita, litaona mbili tu."

Sasa, ilikuwa kweli. Genoveva alikuwa ameliandika hivyo miaka ile matoleo yalipokuwa la tatu, la nne. Tarakimu moja ilitosha. Anayejenga mlango wa banda la mbuzi hapimi upana wa fahali. Angeambiwa na mtu mwingine yeyote angejipiga kofi la paji la uso na kucheka. Lakini aliyesema alikuwa Brightness, na masikio yalikwisha kuwaka.

"Brightness, mimi ndiye niliyeliandika," alisema. "Unataka kunisimulia ndoto yangu mwenyewe?"

"Samahani, Mwalimu."

"Haya. Msalimie baba."

Siku chache baadaye ukaingia ujumbe kwenye simu yake, na faili chini yake. *Shikamoo Mwalimu. Ndama amezaliwa. Nimemleta kwako kama tulivyokubaliana.* Genoveva aliutazama. Hakuufungua. Alijiambia ataufungua baada ya kula, kisha baada ya misa, kisha baada ya kuvuna vitunguu saumu. Ujumbe ukazama chini ya michango ya harusi na matangazo ya misiba. Kila alipoukuta, kidole kilipita juu yake haraka, kama mtu anayepita mbele ya duka analodaiwa. Khanga zinasema mwenye wivu ajinyonge. Genoveva hakujinyonga, alipitiliza tu. Nitalirekebisha mwenyewe, alijisemea, siku nikipata nafasi. Nafasi haikupatikana, kwa sababu kurekebisha kulikuwa ni kukubali kwamba binti alisema kweli.

Kompyuta mpya zikaja Masieda. Mpya za kweli, nailoni bado iko kwenye vioo, na zote toleo la 26. Wazazi walikuja wamevaa vizuri kuona, mbuzi akachinjwa, na Mwalimu Ignasi akaja kama mgeni rasmi. Genoveva alishona kitenge kwa ajili ya siku ile. Alitembea katikati ya madawati, akachomeka diski kwenye kompyuta ya kwanza, akageuka kuwatabasamia wazazi.

Kioo kikaandika: *Wewe ni toleo la 2. Umezeeka, mzee wangu. Ghala halina kitu chako. Pumzika.*

Maneno hayo alikuwa ameyaandika yeye mwenyewe zamani, kwa utani, kwa ajili ya zile kompyuta za kwanza zilizokuwa zinakufa moja moja. Wanafunzi wakacheka. Akahamia ya pili. *Umezeeka, mzee wangu.* Ya tatu vilevile. Mzazi mmoja dirishani akaguna kwa sauti, "Kumbe wametuletea mitumba!" na mkuu wa shule akaanza kujifuta jasho, wakati Masieda siku hiyo kulikuwa na baridi ya kuvaa sweta mbili.

Hapo ndipo penye ubaya wote, nisikufiche. Genoveva alijua. Alipoiona tu ile mbili, alijua ni nini na alijua dawa iko wapi: ilikuwa kwenye simu, ndani ya mkoba wake, imelala chini ya michango ya harusi. Alikuwa na nafasi ya kusema, ngojeni kidogo, nimesahau kitu. Mdomo ukakataa. Mdomo ukaona afadhali mwingine aungue.

"Ghala hili limeguswa," alisema, mgongo umeelekea mlangoni. "Mimi nilimpa mtu nakala kwa moyo mweupe. Sasa angalieni wenyewe. Mkono wa mtu umeingia humu, na huyo mtu wote mnamjua."

Mara ikasikika pumzi ya mtu kutoka kwenye simu. Mwalimu Ignasi alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi, amekwisha kumpigia Brightness, na kwa tabia yake ya siku zote alikuwa ameweka spika.

"Shikamoo Mwalimu," simu ikasema.

Genoveva akageuka. Mdomo ukajibu wenyewe kwa mazoea. "Marahaba."

"Fungua ule ujumbe wangu wa ndama. Weka lile faili, kompyuta zitakubali."

"Ujumbe gani tena?" Ignasi akauliza.

"Mwalimu anaujua," Brightness alisema, na simu ikakatika.

Aliufungua mbele ya watu wote. Afanyeje? Akaliweka faili kwenye Ghala, akachomeka diski upya. Kompyuta ikajibu: *Karibu, toleo la 26. Hili ni Ghala la Genoveva Bura, Mbulu.* Vifurushi vikaanza kuingia kimoja kimoja. Binti alikuwa amebadilisha mistari juu na chini ya maneno yale, lakini jina la mwalimu wake hakuligusa. Wazazi wakapiga vigelegele. Genoveva akatoa kitambaa akapangusa kioo ambacho hakikuwa na hata vumbi, akapangusa, akapangusa, na nyama ya mbuzi hakuionja.

Jumapili iliyofuata Brightness akaja Mbulu. Alifika baada ya misa, akasalimia kama kawaida, akapewa chai akanywa mpaka mwisho, kwa sababu kuacha chai ya watu ni matusi na yeye hakuja kutukana. Kisha akatoa diski kwenye mkoba, ipo ndani ya kile kipande cha kitenge alichopewa pamoja nayo, akainyanyua kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nimeleta ng'ombe wako. Na ndama zake zote zimo humo, hakuna aliyebaki kwangu. Nimefuta kila kitu kwenye kompyuta yangu."

"Nani amekuambia urudishe?" Genoveva aliuliza kwa ukali, maana hakujua aulize vipi vingine.

"Baba. Amesema ukifuga ng'ombe wa mtu, halafu mwenyewe akakuita mwizi, huyo ng'ombe hakamuliki tena. Maziwa yanakuwa machungu." Akaisogeza diski karibu na mwalimu wake. "Na mimi nimeona ni kweli."

Festo alimwangalia mkewe. Mahali pa kusema neno palikuwa pana kama uwanja wa mnada. Genoveva akapokea diski, akaiweka kabatini. "Haya," alisema, "safari njema." Binti akaondoka kwa adabu yote, akafunga geti taratibu ng'ombe wasitoke.

Unajua alichohisi? Furaha! Shetani hana aibu. Ghala lote limerudi. Usiku ule alilala vizuri kuliko miezi mingi. Na kesho yake akafanya la pili, baya kuliko la kwanza ingawa hakuna aliyeliona. Alifungua Ghala akayatafuta marekebisho ya Brightness, yale ya namba mpya, akayafuta yote. Hakuweza kuvumilia kuyaona mle ndani, yamepangwa vizuri namna ile. Akaandika ya kwake: Ghala lisome namba nzima, si tarakimu ya kwanza peke yake. Akajaribu kwenye kompyuta ya ofisini, ikaitikia ishirini na sita. "Unaona?" alimwambia Festo. "Mstari mmoja tu! Na wao walikuwa wanapiga makofi."

Festo alikuwa anamkata kucha mbwa. "Huyo binti ulimpa mtamba?" aliuliza.

"Mtamba wa nini?"

"Si amekufugia vizuri."

"Ng'ombe amesharudi, Festo. Nitampa baadaye."

"Mtamba hutolewa ng'ombe akiwa bado zizini kwa mtu," Festo alisema. "Akisharudi, unashukuru nini?" Akaendelea na mbwa wake.

Simu zikahamia Mbulu. Hanang nzima sasa ilikuwa inampigia Genoveva, na wiki za kwanza alikuwa anapokea kwa sauti ya juu ili majirani tusikie. Lakini nitakuambia kitu alichomwambia Festo baadaye: kila simu ilipolia, kabla hajatazama namba, moyo ulikuwa unaruka. Alikuwa anangoja ile shikamoo. Miaka yote binti yule alikuwa akipiga Jumatatu asubuhi, hata kama hana shida, kumsalimia tu. Jumatatu sasa zilikuwa zinapita.

Kisha akapiga mkuu wa shule ya Masakta. Nao walikuwa na kompyuta mpya, Brightness ndiye aliyewawekea programu, zikatumika vizuri, mpaka walipochomeka diski mpya ya Mbulu ya kuhuisha programu. Sasa hakuna inayofunguka. Maktaba haifunguki, ramani hazifunguki, na kidato cha nne wana kazi ya kumaliza.

"Hamna fundi wa karibu?" Genoveva aliuliza, na alijichukia palepale.

"Brightness yupo, mama. Siku hizi anatufundishia hesabu. Tumemwomba aguse, amekataa. Anasema ng'ombe si wake, tumwite mwenyewe."

Alipanda basi la alfajiri mpaka Katesh, akachukua bodaboda, akafika Masakta vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Brightness ndiye aliyempokea mlangoni. Shikamoo, marahaba. Akamletea maji ya kunawa, akamwonyesha kiti. Kisha akaenda kukaa kwenye dawati la nyuma kabisa, akaweka mikono magotini.

Genoveva akaanza. Akaangalia namba: 26, Ghala linaisoma sawasawa. Akaangalia diski: nzima. Akaangalia vifurushi vilivyowekwa, na hapo akashtuka, maana vyote vilikuwa vya toleo la 8. Kompyuta mpya zimevishwa nguo za zamani. Kwa nini? Rafu ya 26 ipo, imejaa. Ghala limeipitaje? Akaingiza upya. Likatoa vya 8 tena. Akasoma mistari yake juu mpaka chini, chini mpaka juu. Mkuu wa shule alikuwa amesimama pembeni na walimu wawili, wanafunzi wamejaa madirishani, na saa ilikuwa inakwenda. Jasho likamtoka. Kitambaa kikatoka. Akapangusa kibodi.

Alipoinua macho akakutana na macho ya Brightness.

Binti alijua. Genoveva alikuwa mwalimu miaka mingi, anajua uso wa mwanafunzi mwenye jibu ambaye hajanyoosha mkono. Zamani angekwisha kuinuka, "Mwalimu, samahani, angalia hapa." Angekuwa amekwisha kumtumia ndama. Sasa alikuwa amekaa tu, kimya, bila kiburi na bila kicheko, kama mgeni aliyekaa kwenye boma la watu asiyeruhusiwa kufungua zizi. Na Genoveva akakumbuka yale marekebisho aliyoyafuta. Yalikuwa marefu kuliko mstari mmoja. Hakuwa ameyasoma hata kidogo. Alikuwa ameyafuta tu.

Angeweza kusema mashine mbovu. Angeweza kusema diski imeharibiwa na jua la njiani, atarudi wiki ijayo. Uongo ulikuwa mdomoni tayari, umevaa viatu. Lakini alikuwa amechoka, jamani. Wivu unachosha kuliko kulima.

"Kuuliza si ujinga," alisema, na sauti ilikuwa ndogo. Ndiyo maneno aliyokuwa akiwaambia wanafunzi wake kila mwaka. "Brightness, mwanangu. Sioni. Naomba unionyeshe."

Binti hakuinuka mara moja. "Mwalimu, ni Ghala lako. Sitaki kuambiwa mkono wangu umeingia."

Walimu wakatazama chini.

"Mkono ulioingia ni wangu," Genoveva alisema, sasa kwa sauti ya kusikika madirishani. "Huyu hakuharibu kitu Masieda. Alinitumia dawa mapema, nikaikalia kwa wivu. Aliporudisha ng'ombe, nikamchinja ndama aliyemleta, kwa wivu huohuo. Mkisikia mtu anasema vingine, ni mimi niliyesema, na nilisema uongo."

Brightness akaja mbele. Akaelekeza kidole kwenye kioo, bila kukigusa. "Hapa. Ukihuisha, Ghala linapanga rafu zote zisizozidi namba ya kompyuta kwenye mstari na kuchukua ya mwisho, kwamba ndiyo mpya. Lakini linazipanga kama majina, si kama hesabu. Linatazama herufi ya kwanza. Mbili inatangulia nane, kwa hiyo ishirini na sita inakaa mbele, na nane inabaki mwisho."

"Linaona nane ndiyo mpya," Genoveva alisema polepole.

"Ndiyo, Mwalimu. Namba zilipokuwa fupi zote, mpango ulikuwa unaonekana sawa."

Mwalimu wa hesabu! Kitabu cha mahudhurio alikipanga hivyo, kwa herufi za majina, miaka yote, akakaa na kosa lilelile puani asilione. Alicheka, kicheko kikatoka vibaya, karibu kilio.

Akainuka kwenye kiti. "Kaa hapa," alisema. "Andika wewe. Na ukimaliza, pale penye jina langu, andika na lako. Si mtamba. Ni nusu ya zizi. Mashahidi hawa hapa."

Brightness alimwangalia muda mrefu. Kisha akavua mkoba begani, akakosa pa kuuweka, na Genoveva akanyoosha mikono akaupokea.

Usidhani wivu uliisha. Ulikuwepo palepale, masikio yanawaka, na kila mstari binti alioandika haraka bila kufikiri ulimchoma. Alitamani kupangusa kitu. Lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshika mkoba wa mtu, kwa hiyo akasimama hivyohivyo nyuma ya kiti, akaungua, na hakuuweka chini mpaka kazi ikaisha.